Kanda za Mwezi na Mashine za Bandani

Tarehe 23 Agosti 1966, wakubwa wa NASA waliomba jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba. Chombo chao kisicho na mtu, Lunar Orbiter 1, kilikuwa kikiuzunguka Mwezi kikitafuta mahali ambapo wanaanga wa Apollo wangeweza kutua. Walitaka kigeuzwe kidogo, kamera iache kutazama chini na itazame upeoni. Boeing, waliokiunda, walisita: kikishindwa kurudi kwenye mkao wake, kazi yote imekwenda na maji. Mwishowe wakakubaliana. Chombo kikageuzwa, kamera ikapiga. Mbele kulikuwa na uso wa Mwezi wenye mashimo na vilima, na kwa mbali ikaonekana Dunia, nusu yake imemezwa na giza. Hakuna aliyewahi kuiona Dunia kutokea huko.

Kwa miaka 42 iliyofuata picha hiyo ilichapishwa ikiwa na sura mbaya. Imekatwakatwa na michirizi, vivuli vyake vyeusi tii, Dunia yenyewe nyeupe pee. Wengi walidhani kamera za zama zile uwezo wake ulikuwa ndio huo. Kumbe picha nzuri ilikuwepo muda wote, imelala kwenye kanda ya sumaku pamoja na kanda nyingine zipatazo 1,500. Kilichokosekana ni mashine ya kuisoma.

Kamera ya chombo hicho inastahili kuelezwa, maana mkasa wote ulianzia ndani yake. Eastman Kodak walitengeneza sanduku lililobeba studio nzima: kamera ya lenzi mbili, moja ya milimita 80 na nyingine ya milimita 610, filamu ya upana wa milimita 70, sehemu ya kuisafishia, na mtambo wa kuisoma. Waliteua kwa makusudi filamu inayoshika mwanga polepole mno, ili mionzi ya angani isiiunguze kabla haijapigwa picha. Ikishapigwa, ilibanwa na utepe laini uliolowekwa dawa, ikasafika bila tone la maji kuelea ovyo ndani ya chombo, kisha ikakaushwa. Baada ya hapo nukta ya mwanga, nyembamba kuliko unywele, ilipita juu yake mstari kwa mstari. Mwanga uliopenya uligeuzwa umeme, na umeme ukarushwa duniani kwa mawimbi ya redio. Jozi moja ya picha, ya lenzi pana na ya lenzi ndefu, ilihitaji kama dakika 40 kufika.

Haikuwa picha ya dijitali kwa maana ya sifuri na moja. Lakini ilikwisha kuingia katika hali ambayo picha zetu zote za leo zimo. Picha ya karatasi unaiinua dirishani ukaitazama, hata ikiwa imechakaa. Hii ya mawimbi haitazamiki mpaka ipite kwenye mtambo, na mtambo usipokuwepo, ulichonacho mkononi ni plastiki ya kahawia iliyoviringishwa. Karibu kila nyumba siku hizi ina simu ya zamani kwenye droo ya kabati, imejaa picha za harusi na za marehemu bibi, chaja yake haipatikani tena madukani. Picha hazijafutika, ila hazionekani.

Mawimbi yalipokelewa katika vituo vitatu: Goldstone huko California, Woomera nchini Australia, na kimoja karibu na Madrid, Hispania. Huko yaligawanyika njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya watu wenye haraka. Picha ilioneshwa kwenye kioo cha mtambo, ikapigwa tena kwenye vipande vyembamba vya filamu ya milimita 35, vipande vikapangwa sambamba kwa mkono, kisha vikapigwa picha kwa pamoja. Michirizi ile ilitoka hapo, kwenye maungio. Kila hatua ilikula kidogo mwanga na kidogo vivuli. Kwa watu wa Apollo hilo halikuwa tatizo. Walitaka kujua wapi pana mawe na wapi pana tambarare, na hilo lilionekana.

Njia ya pili ilikuwa kurekodi mawimbi yenyewe, jinsi yalivyoshuka, kwenye kanda za upana wa inchi mbili. Mashine zilizofanya kazi hiyo ziliitwa Ampex FR-900, kila moja ukubwa wa friji, ghali, na wateja wake hawakuwa wengi nje ya jeshi na mashirika ya serikali ya Marekani.

Vyombo vyote vitano vya mradi huo, vilivyorushwa kati ya Agosti 1966 na Agosti 1967, vilifanya kazi yake. Vilipiga picha asilimia 99 ya uso wa Mwezi. Kisha vyote vikaishia kuugonga Mwezi, na filamu zake halisi zikaishia hukohuko. Kwa hiyo zile kanda, ambazo wakati ule zilihesabiwa kuwa akiba tu, ndizo zilizobaki kuwa kitu cha karibu zaidi na picha asilia. Sidhani kama aliyezifungasha kwenye makasha alilifikiria hilo.

Makasha yakapelekwa ghalani Maryland. Mwaka 1969 watu wakatua mwezini, na baada ya hapo ramani za kutafuta mahali pa kutua zikawa na thamani ya tiketi ya basi la jana.

Kilichozipata kanda nyingine za miaka hiyohiyo kinaonesha jinsi mambo yangeweza kuishia. Neil Armstrong aliposhuka ngazi tarehe 20 Julai 1969, kamera ya televisheni iliyokuwa mwezini ilituma picha za mfumo wake wa pekee, fremu kumi kwa sekunde, ambao runinga za majumbani hazikuuelewa. Vituo vya kupokelea vilizibadilisha papo hapo ili dunia itazame, na ubora ukapotea njiani. Picha safi zilibaki kwenye kanda 45 za vipimo, kama akiba, endapo ubadilishaji ungekwama. Haukukwama. Zaidi ya miongo mitatu baadaye, wastaafu walioikumbuka ile picha safi walipoanza kuzitafuta, NASA ilifanya uchunguzi na mwaka 2009 ikatoa jibu: inaelekea sana zilikuwa miongoni mwa kanda takriban 200,000 zilizofutwa na kurekodiwa upya. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980, setilaiti mpya zilikuwa zinamwaga data, kanda tupu zilikuwa adimu, na kituo cha NASA cha Goddard kilichukua za zamani kutoka ghalani kikazifuta. Hakuna aliyevunja sheria. Karani alitimiza agizo, mashine ikafuta, kanda ikarudi kazini. Tunachotazama leo cha hatua ile ya kwanza kimetengenezwa kutokana na nakala za matangazo ya televisheni.

Kanda za Lunar Orbiter nazo zilifikiwa na swali lilelile: zitupwe au zikae? Bahati yake ni kwamba swali lilitua mezani kwa Nancy Evans.

Evans alifanya kazi katika maabara ya JPL, Pasadena, California, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Planetary Data System, hifadhi ya NASA ya data za sayari. Hifadhi hiyo ilizaliwa katika miaka ya 1980, baada ya wanasayansi kulalamika kwamba vyombo vinatumwa angani kwa mamilioni ya dola, halafu data zinazorudi zinaozea makabatini kwa watafiti. Alipoulizwa kuhusu kanda za Mwezi, alikataa ziharibiwe. Mwaka 1986 zikahamishiwa JPL. Kukataa ni rahisi kuandika; kazini kulimaanisha kutafuta nafasi ya tani kadhaa za kanda ambazo hakuna anayezihitaji, kwa kuwashawishi mabosi ambao kila chumba wamekwisha kukipangia matumizi.

Kisha kulikuwa na suala la mashine. FR-900 hazikuwa zikitengenezwa tena. Evans aliuliza huku na huko serikalini, mpaka zikapatikana chache katika kambi ya jeshi la anga ya Eglin, Florida, zilizokuwa zinaondolewa. Azichukue, pamoja na lundo la spea zake, au ziende kwenye chuma chakavu. Akazichukua. Ofisini hapakuwa na pa kuziweka, basi zikaishia nyumbani kwake, Sun Valley, kaskazini mwa Los Angeles, bandani. Pamoja na Mark Nelson wa chuo kikuu cha Caltech alijaribu kuzifufua, na walifika mahali pa kutia moyo, lakini NASA haikutoa fedha za kuendelea. Hili limo katika kila taasisi niijuayo: fedha za kupiga picha hazikosekani, za kuzitunza zinasubiri bajeti ya mwakani. Evans akastaafu. Mashine zikakaa na vumbi lake karibu miaka ishirini.

Mwaka huohuo wa 1986 kanda zilipohamishiwa JPL, upande wa pili wa Atlantiki, BBC ilizindua jambo lililoonekana la kisasa kupita yote. Ilikuwa miaka 900 tangu kuandikwa kwa Domesday Book, daftari la mali za Uingereza lililoamriwa na Mfalme William. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi, walichangia maandishi na maelfu ya picha za vijiji vyao, vikawekwa kwenye diski mbili za kusomwa kwa leza, kubwa kama santuri. Ilihitajika kompyuta maalumu na kichezeshi maalumu, na bei ya seti nzima, kama pauni 5,000, ilizishinda shule nyingi zilizotuma picha. Kufikia mwaka 2002 vichezeshi vinavyofanya kazi vilikuwa vya kuhesabika, na watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kuandika programu inayojifanya kompyuta ile ili diski zifunguke. BBC iliziweka kwenye tovuti mwaka 2011. Tovuti ikafungwa 2018, na yaliyokuwemo yamehifadhiwa na Hifadhi ya Taifa ya Uingereza.

Watu hupenda kulinganisha: kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kinasomeka, diski ya 1986 ilizeeka kwa miaka 15. Ulinganisho huo umezoeleka mno, na naona hauna haki. Kile kitabu hakikuishi kwa sababu ni cha ngozi. Ngozi huliwa na panya, huungua, huoza. Kiliishi kwa sababu kwa karne tisa hakikukosa mtu aliyelipwa kukilinda. Kilikaa kwenye hazina ya wafalme, kikafungiwa kwenye masanduku, kikahamishwa kila palipokuwa na hatari; Vita Kuu ya Pili ilipozuka, kilifichwa katika gereza la Shepton Mallet. Zile diski zilipangiwa sherehe ya uzinduzi na hazikupangiwa mlinzi.

Mwaka 2007 habari za Evans na mashine zake zilimfikia Dennis Wingo, mhandisi mwenye kampuni ndogo ya mambo ya anga, na Keith Cowing, aliyewahi kufanya kazi NASA kisha akawa mwandishi anayeikosoa. Walikwenda kuona. Walikuta mashine zimejaa vumbi na, kule JPL, kanda katika hali nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Walikodi malori, wakapakia, wakaelekea kaskazini hadi kituo cha utafiti cha Ames karibu na Mountain View, ambako mkurugenzi Pete Worden aliwaruhusu kutumia jengo lililokuwa tupu. Jengo lenyewe lilikuwa mkahawa wa McDonald's uliofungwa. Lilikuwa na viyoyozi, umeme wa kutosha na milango mipana ya jikoni, na kwa mizigo kama ile hakuna zaidi ya kuomba. Wakaliita McMoon's, na dirishani wakatundika bendera nyeusi ya maharamia. Kanda zikapangwa zilikokaa mikate na mafuta ya kukaangia.

Fundi mkuu alikuwa Ken Zin. Kazi aliyoikuta haikuwa ya kubonyeza swichi. Ndani ya FR-900 kuna gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi kubwa, na pembeni mwake zimepachikwa hedi za kusomea, kama mafundi wetu wa redio kaseti wanavyoziita. Tofauti ni kwamba hizi huipita kanda kwa upande, zikikata njia nyembamba mamia kwa mamia. Hedi hulika. Kanda ya kale nayo huacha unga wake juu yake, na kila saa ya kusoma ni saa inayopungua kwenye uhai wa mashine. Hedi zilipelekwa Colorado, kwa kampuni ndogo iliyokuwa bado na watu wenye ujuzi wa kuzisaga na kuzifunga upya. Kapasita zilizokauka zikabadilishwa. Mashine moja ilinyofolewa spea ili nyingine izunguke.

Na mashine ilipozunguka, bado hakukuwa na picha. Mawimbi yaliyorekodiwa yalikuwa yamefungwa kwa namna ya miaka ya 1960, na kifaa cha kuyafungua hakikuwepo popote. Hakikuwamo hata kwenye lundo la Evans. Ilibidi kijengwe upya kwa kusoma michoro na nyaraka za zamani na kuwauliza wazee waliokuwepo. Miongoni mwao alikuwa Charles Byrne, aliyefanya kazi katika maandalizi ya Apollo. Mwaka 2005 Byrne alikuwa amechapisha atlasi ya upande wa Mwezi unaotutazama, akitumia vile vipande vya filamu na programu ya kuondoa michirizi. Alifika mbali kadiri filamu ilivyoruhusu. Huwezi kurudisha kivuli ambacho nakala haikukichukua.

Nadhani hapa ndipo palipokuwa hatari kubwa kupita zote, kuliko vumbi na kuliko yule karani wa kufuta. Kanda zilikuwepo, mashine zilikuwepo, lakini maelezo ya jinsi ya kuzielewa yalikuwa yamebaki kwenye karatasi zilizotawanyika na vichwani mwa watu wenye miaka sabini na themanini. Mradi ungeanza miaka kumi baadaye, sijui wangemuuliza nani.

NASA ilitoa dola 250,000 za kuanzia, fedha ndogo kwa viwango vyake. Tarehe 13 Novemba 2008 ikaoneshwa hadharani picha ya kwanza kubwa: ileile ya tarehe 23 Agosti 1966. Michirizi ilikuwa imepungua hadi kutoonekana. Kwenye vivuli vya mashimo, ambako zamani kulikuwa na weusi mtupu, kulikuwa na miteremko na mawe. Dunia ilikuwa na mawingu.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kuchosha, siku baada ya siku: kupachika kanda, kusoma, kugeuza mawimbi kuwa namba, kuunganisha vipande kwa kompyuta, kusafisha hedi kwa spiriti, kupachika nyingine. Ilichukua miaka.

Faida zake hazikuwa zile zilizotarajiwa na waliopiga picha. Mwaka 2009 NASA ilirusha Lunar Reconnaissance Orbiter, chombo kinachoona vitu vya ukubwa wa nusu mita mwezini. Sasa kulikuwa na picha mbili za mahali pamoja, zimepishana zaidi ya miaka arobaini, na mtafiti aliweza kuuliza vimondo vipi vimeugonga Mwezi hapo katikati. Kikosi cha McMoon's kiligeukia pia data za setilaiti ya hali ya hewa Nimbus II, kikatoa picha ya dunia nzima ya tarehe 23 Septemba 1966. Huko Colorado, watafiti wa kituo cha taifa cha theluji na barafu walifungua makopo ya filamu za Nimbus I ya mwaka 1964 na kupata kipimo cha barafu ya baharini ya Aktiki na Antaktika, miaka zaidi ya kumi kabla ya vipimo vya kawaida kuanza. Waliozipiga walikuwa wakitazama mawingu. Barafu iliingia pembeni ya picha bila kualikwa, na nusu karne baadaye ndiyo iliyotafutwa.

Mafaili ya picha za Mwezi yamekabidhiwa kwa Planetary Data System, hifadhi ileile aliyoisaidia Evans kuzaliwa, na taratibu zake zinaonesha kwamba waliozitunga waliwahi kuumia. Kila faili la picha huambatana na lebo ya maandishi ya kawaida, inayosomeka hata bila programu maalumu, ikieleza picha ina mistari mingapi, imepangwa vipi, ilipigwa na chombo gani na lini. Kila faili lina namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo, ili hata biti moja ikigeuka nakala ijulikane imeharibika kabla haijanakiliwa tena. Aina za mafaili ni zile rahisi, zilizoandikwa hadharani, zisizo mali ya kampuni moja.

Kuhusu kifaa cha kuwekea, hakuna aliyepata cha milele. Hifadhi kubwa nyingi za leo bado zinatumia kanda za sumaku, za aina iitwayo LTO iliyoanza mwaka 2000. Kwa vizazi saba vya mwanzo, mashine mpya iliweza kusoma kanda za vizazi viwili vilivyoitangulia; kizazi cha nane, kilichotoka 2017, kinasoma kimoja tu nyuma yake. Kwa hiyo anayetunza picha kwenye kanda hizo hana budi kuzihamisha zote kila baada ya miaka kadhaa, iwe zina hitilafu au hazina, na kuomba fedha za kuzihamisha tena kabla ya kumaliza. Nakala ya pili ya data za Planetary Data System hupelekwa kutunzwa mbali na ya kwanza, kwenye hifadhi ya muda mrefu ya NASA huko Maryland. Inaendeshwa na kituo cha Goddard.